Namna ya kumrekodi bibi aliyevuma, kwa simu yako tu

Kila mtaa wa Unguja na Pemba una bibi ambaye zamani jina lake halikauki midomoni mwa watu: mwimbaji wa taarab, kungwi, mkunga, mchezaji wa netiboli, mwanamke wa mwanzo kupanda mwani pwani ya kwao. Simu uliyonayo inatosha kumrekodi. Kazi nyingi huharibika kwa maswali mabovu na maandalizi haba.

Anza na majina, kabla hujabisha hodi. Siti binti Saad wa Fumba alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Bi Kidude kwenye karatasi ni Fatuma binti Baraka. Sayyida Salme, binti wa Sultani, aliyezaliwa Mtoni 1844, kitabu chake cha 1886 kilitoka kwa jina la Emily Ruete. Anayekwenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani na jina moja tu huweza kurudi mikono mitupu na huku karatasi zipo. Daftarini andika jina la kuzaliwa, ubini, jina la kupangwa, la ngomani, na la mume kama aliwahi kulitumia.

Siku nayo ichague kwa kazi yake. Mkulima wa mwani usimfuate wakati wa bamvua, maana maji yakitoka sana ndipo anapoingia shambani. Mfuate maji mafu. Baada ya sala ya alasiri ni saa nzuri kwa wengi. Saa moja na nusu kwa kikao inatosha, na vikao vitatu vifupi vina faida kuliko kimoja kirefu, kwani usiku baada ya kikao cha kwanza ndipo mambo humrudia. Chukua kilo mbili za sukari au chochote cha heshima, lakini usiahidi pesa kwa mazungumzo: utaambiwa unachotaka kusikia.

Kuhusu sauti. Weka simu kwenye hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga katikati ya maneno na kwenye simu nyingi kurekodi kutakatika. Chagua faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, ukiweza. Saa moja ya mono (sauti ya njia moja) ni kama MB 320, basi hakikisha una GB 2 wazi. Ikunje kanga mara nne, ilaze simu juu yake, sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni mwake. Kanga inazuia mtikisiko wa meza na vikombe. Zima feni. Kaeni chumbani penye godoro na mapazia, si barazani, na mvua ikianza kupiga bati simamisha tu. Rekodi dakika moja, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayowaliza.

Sasa maswali. Ukimuuliza, "Bibi, ulijisikiaje ulipokuwa maarufu?" atajibu "Alhamdulillahi, mwanangu," na hapo mazungumzo yamekwisha. Muulize kitendo na kitu: "Bibi, usiku ule wa kwanza kuimba mbele za watu ulivaa nini? Nani alikushonea? Nani alibaki na watoto?" Hapo utasikia jina la fundi, bei ya kitambaa, shoga aliyemsindikiza na mume aliyenuna. Mkulima wa mwani mpe kamba na taitai (vikamba vya kufungia mwani) mkononi, useme, "Nionyeshe ulivyofunga." Mikono ikifanya kazi, ulimi hufuata. Mchezaji muombe picha ya timu, aende kichwa kwa kichwa kutoka kushoto: jina, alicheza nafasi gani, yuko wapi leo. Mwanaharakati muulize nani alishika daftari la mahudhurio. Kikundi bila daftari hubaki maneno tu. Kanga za sandukuni pia ni ushahidi, kwa kuwa maneno ya kanga mara nyingi yalinunuliwa kwa sababu maalumu, na sababu ndiyo unayoitaka.

Akinyamaza, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Wengi wetu tunaharibu kwa kujaza kimya.

Tarehe usimlazimishe. Tumia mambo anayoyakumbuka. Akisema "pesa zilikuwa rupia", ujue ni kabla ya 1936, basi. Usijitie kukisia mwaka. Mapinduzi ni Januari 1964. Mwani wa biashara ulianza Paje na Jambiani 1989. Giza la miezi mitatu bila umeme, Desemba 2009 hadi Machi 2010, ni alama nzuri kwa Unguja, ila kwa Pemba halifai, maana waya ulioharibika ulikuwa wa Unguja. Akisema "Ramadhani ya masika", kumbuka Ramadhani huzunguka misimu yote kwa miaka kama 33: iliangukia Aprili mwaka 1957, 1989 na 2022. Muulize wakati huo alikuwa na mimba ya mtoto gani, kisha tazama cheti cha mtoto huyo.

Ridhaa ichukue mara mbili, mwanzo na mwisho, ikiwa imerekodiwa: nani aruhusiwe kusikia, jina litajwe au la, na nini kikatwe. Ya mwisho ndiyo ya kweli, kwani mwanzoni hajui atasema nini. Nyimbo na mafunzo ya unyago usiyaweke mtandaoni hata kama ameimba kwa furaha; ni ya waliochezwa, na makungwi wenzake wana haki ya kuulizwa.

Usiku huohuo nakili mara tatu: simu, kompyuta, na flashi anayoishika mtu mwingine, ikiwezekana kisiwa cha pili. Faili liite kwa tarehe, jina na mahali. Usilitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, litabanwa na kupoteza ubora. Litume kama faili. Kuandika saa moja ya mazungumzo huchukua saa tano au zaidi. Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi viandike vilivyotamkwa, tafsiri ya sanifu iwe pembeni.

Baada ya wiki mbili rudi, umsikilizishe. Atakukatiza: "Si Mwanakombo huyo, ni dada yake." Hapo simu ya pili iwe tayari inarekodi.