Simba juu ya Boxer: namna ninavyompiga picha mtu wa kinyago na pikipiki yake

Agosti ikikaribia simu yangu haitulii. Simba Day, tamasha la klabu ya soka ya Simba, inanukia, na mashabiki wa Wekundu wa Msimbazi wanataka picha za kutambia. Wapo wenye vazi zima la simba: kichwa cha sponji, manyoya, makucha, mkia. Mmoja wao, dereva wa bodaboda, aliniambia, "Kaka, nataka nikae juu ya Boxer yangu nionekane simba kweli, siyo mtu aliyejifunika zulia." Mimi ni Yanga wa kuzaliwa, lakini noti haina jezi.

Hatua ya 1: Saa kwanza, mahali baadaye

Jua la mchana Dar linapiga utosini. Kinyago kina paji lililotokeza, kwa hiyo mchana macho yanageuka mashimo mawili meusi, na aliye ndani anachemka kama chapati kwenye kikaango. Mimi hupenda Jumapili saa 1 asubuhi, Mtaa wa Msimbazi. Maduka mengi ya Kariakoo bado yamefungwa, jua liko chini, na makao makuu ya klabu yapo mtaa huohuo. Ila mabasi ya mwendokasi hayalali. Kaeni pembeni kabisa.

Hatua ya 2: Iandae pikipiki simba akiwa bado mtu

Kazi yote ya pikipiki imalizike kabla jamaa hajavaa kichwa. Isimamishe kwenye stendi kubwa. Stendi ya pembeni inailaza, na simba mnene akikaa juu utadhani wanaanguka wote wawili. Gurudumu la mbele ligeuze kidogo kuelekea kamera.

Injini izimwe mapema, ekzosi ipoe. Manyoya yale ni plastiki. Yakigusa bomba la moto yanayeyuka na kunuka, na harufu ile haitoki kwenye vazi. Mkia ufunge kwa uzi nyuma ya kiti, mbali na cheni.

Hatua ya 3: Jiangalie kwenye tangi

Hapa niliumbuka. Picha ya kwanza niliyomtumia yule dereva, alinijibu kwa sauti, anacheka hadi anakohoa: "Kaka, kuna Yanga kwenye tangi langu!" Nikaikuza. Kweli, juu ya tangi jekundu lililong'arishwa kulikuwa na doa la njano lenye mikono miwili na kamera. Fulana yangu.

Tangu siku ile navaa nguo nyeusi. Filta ya polaraiza, kioo cha kufunga mbele ya lenzi kinachokata mng'ao, nayo inasaidia: izungushe taratibu ukiangalia tangi mpaka mng'ao upungue. Inafanya kazi kwenye rangi na kioo, ila kwenye kromu tupu haifui dafu. Vioo vya pembeni na rimu ya taa unavimaliza kwa kusogea hatua moja kushoto au kulia hadi usijione.

Hatua ya 4: Shingo ndiyo uso

Sura ya kinyago haibadiliki. Hasira, maringo, utulivu, vyote vinatoka shingoni na mabegani. Tatizo ni kwamba vichwa vingi vya namna hii mvaaji anaona kupitia mdomoni. Akitaka kukuona anainua kichwa, na simba anaonekana kama mzee anayesubiri mvua. Mwambie mapema: usinitafute, mimi ndiye nitakutafuta. Kidevu kishuke mpaka wewe nyuma ya kamera uone macho yanakutazama.

Ndani ya sponji hasikii vizuri pia, na kupiga kelele Msimbazi asubuhi ni kuita watazamaji. Sisi tunatumia tangi, maana anakalia palepale na mtikisiko anausikia mapajani. Msaidizi anagonga mara moja: shusha kidevu. Mara mbili: geukia mwanga. Mara tatu: vua kichwa, kunywa maji. Hiyo ya tatu inagongwa kila baada ya dakika 10, hata akikwambia yuko poa. Watu wa ndani ya vinyago husema wako poa mpaka miguu iishiwe nguvu.

Mikono iwe na kazi: kucha moja kwenye klachi, nyingine juu ya paja. Mikono inayoning'inia inaua kila kitu.

Hatua ya 5: Kamera

Chuchumaa, lenzi iwe usawa wa taa ya mbele. Natumia lenzi ya 50mm, tundu la kupitisha mwanga f/5.6, kwa sababu pua imetokeza mbele ya macho na ukilifungua zaidi, f/1.8, ni kimoja tu kati ya pua na macho kitakachoonekana vizuri bila ukungu. Fokasi weka nukta moja kwenye jicho mwenyewe; kamera ikiachiwa itafute, mara nyingi itachagua nembo ya jezi. Punguza mwanga kidogo, nusu stopu hivi, la sivyo jezi nyekundu inaungua na kuwa bati tupu lisilo na mikunjo. Kisha msaidizi ashike ubao mweupe chini, karibu na gurudumu, ili macho ya plastiki yapate nukta ya mwanga. Bila nukta ile simba amekufa.

Hatua ya 6: Kama anataka mwendo

Asiendeshe. Haoni pembeni, na helmeti haiingii juu ya kichwa kile. Simba akae palepale, wewe panda nyuma ya bajaji ipite taratibu mbele yake, shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/30 ya sekunde, umfuate kwa lenzi. Majengo ya nyuma yanavutika kama mistari. Magurudumu hayatakuwa yanazunguka, kwa hiyo kata fremu juu yake. Piga nyingi, mimi katika 40 napata 3.

Ukimaliza kusafisha picha, mtumie WhatsApp kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, na manyoya uliyoyahangaikia asubuhi nzima yanageuka uji.