Injini kubwa kwenye minibaiki ya zamani: anza na shafti

Hapa Malindi injini haina shida kupata. Pampu za mashambani na jenereta kuukuu zimejaa Honda GX200 na nyingine za aina yake, sentimita za ujazo 196, nguvu ya kutosha kabisa kwa kipikipiki kama minibaiki. Kazi iko kwenye shafti, ule mhimili wa injini unaozunguka na kuvalishwa klachi. Jenereta nyingi shafti yake imechongoka, na pampu nyingine zina nyuzi za skrubu mwishoni. Hapo klachi haikai. Tafuta iliyonyooka, yenye mfereji wa kii (kile kichuma kinachozuia klachi isizunguke peke yake), kisha uipime kwa venia, kipimo cha milimita, si kwa macho. Kuna ya milimita 20 na ya 19.05, yaani robo tatu ya inchi, na klachi nyingi za minibaiki ni robo tatu. Tofauti hiyo ndogo usimwachie fundi aimalize kwa nyundo (atataka!). Mpelekee fundi wa leth, mashine ya kuchonga chuma, atanue tundu la klachi, aangalie na kii.

Ikishakaa, laza rula kwenye sproketi zote mbili. Cheni ikienda mshazari itaruka. Na kama breki bado ni ile ya kusugua tairi, funga ya ngoma au diski kabla hujaiwasha.