Kuandaa ngalawa ya resi mkiwa wawili tu

Ngalawa nyingi za resi hapa Unguja hupakia watu wanne au watano, maana watu ndio farumi (uzito wa kutuliza chombo) inayoweza kuhama. Mimi na mdogo wangu huingia wawili. Kusi ikivuma kwa nguvu, hatuwawezi wenzetu kwa mbio za moja kwa moja. Tunawapata kwenye kugeuza.

1. Kaza mirengu, ile miti iliyokingama inayoshika ndubi. Ngalawa ikiwa bado mchangani, tikisa ndubi zote mbili, zile mbao za pembeni. Inayocheza, fungua kamba yake yote ufunge upya. Ukimaliza, ukanyage mrengu kwa uzito wako wote, kisha kaza tena.

2. Chukua tanga dogo. Wawili hamtapata nafasi ya kulipunguza mkiwa njiani.

3. Jarari na demani. Jarari, kamba inayopandisha foromali (mti unaobeba tanga), mimi huifunga kwenye mrengu wa nyuma upande wa joshi (unakotoka upepo), ili ishike na mlingoti pia. Demani, kamba ya kuvutia tanga, usiipige fundo hata siku moja! Izungushe mara moja kwenye mrengu, ncha ibaki mkononi. Mimi niliwahi kuifunga ili nipate mkono wa kukumba maji. Upepo ukatupiga ghafla, ndubi ikazama, tukapinduka. Wenzetu walipita wakitusalimia.

4. Gawaneni kazi. Nahodha hashiki kingine ila kana (mpini wa usukani) na demani. Baharia hukaa juu ya mrengu upande wa joshi, akisogea nje au ndani kadiri ndubi ya pili inavyozama. Upo wa kukumbia (wetu ni kidumu cha mafuta kilichokatwa) ufungwe kwa kamba karibu yake.

5. Kugeuza. Hapa fanyeni mazoezi mpaka msisemeshane. Nahodha anaiacha ngalawa iangukie chini ya upepo hadi upepo uje tezini (nyuma), kisha anaachia demani yote. Tanga litapepea mbele ya omo, yaani kichwa cha chombo. Baharia anafungua goshi (kamba ya pembe ya mbele ya tanga) na kuivuta ncha ya chini ya foromali hadi mlingotini, foromali isimame wima. Anaipitisha demani mbele ya foromali kwenda upande wa pili, anamrudishia nahodha, halafu anahamisha jarari akiwa ameibana kwenye mlingoti. Ikimponyoka, foromali inamwangukia kichwani. Goshi ikishafungwa upya, ndipo nahodha apande joshi, demani ikivutwa kidogo kidogo. Wengi huharibu hapo: wanaivuta mapema, ngalawa inakimbilia upepo wakati ncha ya foromali bado inaning'inia.

6. Kwenye boya. Wakisongamana, piteni nje, hata kama mtapoteza urefu wa ngalawa mbili. Mirengu hufanya chombo kuwa kipana kuliko unavyodhani, na ndubi zikinasana, mtu wenu mmoja lazima aache tanga akazinasue.