Kuchagua RAM Inayokubaliana na Kompyuta ya Mezani

Wateja wengi wanaofika kwenye karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, huja wakiwa wamekwisha kununua RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini), na malalamiko yao ni kwamba haiingii, au imeingia lakini kompyuta inatoa mlio tu na kioo kinabaki cheusi. Mara nyingi kosa limefanyika dukani, kwa kuwa mnunuzi aliuliza GB ngapi akasahau kuuliza aina.

Hatua ya kwanza: itambue kompyuta

Jina lililoandikwa usoni halitoshi. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ambayo ni kompyuta ya mtumba inayojulikana sana, hutumia DDR3 (DDR ni aina ya RAM, na tarakimu inayofuata ni kizazi chake). Lakini mwaka 2023 kampuni hiyohiyo ilitoa mashine nyingine kwa jina hilohilo, nayo haipokei DDR3 kabisa. Kwa hiyo nakili pia namba ya utambulisho iliyo kwenye kibandiko cha kasha, uiingize katika tovuti ya mtengenezaji, kisha usome aina ya RAM, idadi ya sloti (nafasi za kupachikia RAM) na kikomo cha ukubwa. Hiyo 7010 ya zamani, ile ya kasha kubwa la kusimama, ina sloti nne na kikomo chake ni 32GB.

Hatua ya pili: soma RAM iliyomo

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine chochote ndani. Chomoa kipande kimoja na usome kibandiko chake. Tuseme kimeandikwa 8GB 2Rx8 PC3L-12800U. PC3 ina maana ya DDR3. L inaonyesha kwamba kinatumia volti 1.35 badala ya 1.5, 12800 ukiigawanya kwa 8 unapata kasi ya 1600, na U ni ya kompyuta ya kawaida ya mezani. Kwenye DDR4 mara nyingi kasi huandikwa yenyewe, kwa mfano PC4-2666, hivyo hakuna cha kugawanya.

Herufi ya mwisho ndiyo inayowaponza watu. S ni vipande vifupi vya kompyuta mpakato na vya zile za mezani zilizo ndogo mno. R ni ya seva. Nilipoanza kazi hii niliuziwa vipande viwili vya R kwa bei iliyonifurahisha kupita kiasi, na mpaka leo kazi yake ni kuzuia karatasi zangu zisipeperushwe na upepo wa bahari.

Hatua ya tatu: linganisha

DDR3 ina pini 240; DDR4 na DDR5 zina 288, ila pengo lililo katikati ya pini haliko mahali pamoja, kwa hiyo kipande kinachokataa kuingia kisilazimishwe. Ubao mama (bodi kuu yenye sloti hizo) unaotaka DDR3L usiupe RAM ya volti 1.5. Kasi zikitofautiana si tatizo kubwa, kwani zote zitafuata iliyo ndogo. Ukiwa na sloti mbili tupu, nunua vipande viwili vya 4GB vinavyofanana badala ya kimoja cha 8GB, kwa sababu prosesa itavisoma vyote viwili kwa wakati mmoja. Hakikisha pia kwamba Windows yako ni ya biti 64, maana ile ya kawaida ya biti 32 haivuki 4GB.

Hatua ya nne: nunua, pachika, jaribu

Nenda dukani na kipande chako cha zamani mkononi, na ukubaliane na muuzaji siku za kurudisha. Ukipachika, sukuma mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Kompyuta isipowaka, sugua pini taratibu kwa ufutio wa penseli, kwani hewa yetu ya chumvi huzifanyia utando, kisha ujaribu sloti nyingine. Ikiwaka, iache usiku kucha ikiendesha MemTest86, programu ya kupima RAM, na likitokea kosa hata moja huku RAM mpya ikiwa peke yake ndani, irudishe asubuhi hiyohiyo.