Waambiwa besi yako ni ya Mtaliano? Lebo iwache mwisho

Wiki jana niliitwa nyumba moja Kibokoni niangalie dabo besi, lile fidla kubwa la kupigwa umesimama, ya marehemu ami yao aliyekuwa akipiga taarabu, wameitoa nyuma ya kabati vumbi tupu, na ndani ina karatasi imeandikwa Gasparo da Salò, Brescia, yule fundi wa kale wa Italia. Watu washaanza kugawana pesa. Nikamulika tochi kwenye lile tundu la herufi f, pale ukingoni naona tabaka za plaiwudi zimepangana kama chapati. Gasparo alikufa 1609 bana, plaiwudi angeitoa wapi?

Lebo za majina makubwa zimechapishwa chungu nzima zikabandikwa vyombo vya kiwandani. Na ukiona nchi imeandikwa kwa Kizungu, yaani imetengenezwa mahali fulani, mara nyingi hiyo ni ya baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 iliyotaka bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka.

Anza na mbao. Mbele ni mti wa jamii ya msonobari, mistari imenyooka. Nyuma sanasana ni mti wa mepo, yaani maple, lakini Waitaliano wa kale walitumia hata mpopla, kwa hivyo mgongo usio na mapambo usikuvunje moyo.

Halafu panda kichwani, pale kilipojikunja kama konokono, utafute kiungo baina yake na shingo. Besi nyingi za zamani zilikuwa na nyuzi tatu, baadaye zikatiwa shingo mpya ziwe nne na kichwa chake cha asili kikabakishwa, basi kiungo hicho si kasoro, ni dalili nzuri (ingawa matapeli nao wanaijua hiyo). Nyingine zilipunguzwa mwili kabisa ili zipigike, na hilo linagusa bei.

Nyufa hazikosekani, cha kujua ni ziko wapi. Ndani kuna kijiti kimesimama baina ya mbele na nyuma, Waitaliano wakiita anima, yaani roho. Ingiza kioo kidogo kama cha daktari wa meno uangalie mgongo pale kijiti kilipokanyaga: ufa wa hapo unaangusha bei kuliko nyufa kadhaa za pembeni. Kisha gonga ukingo mzima kwa kidole, mlio ukigeuka ujue gundi imeachia. Kwa joto na unyevu wetu huu wa pwani ile gundi ya ngozi hulainika, ni kawaida, ila tafadhali usimwite seremala akaja na gundi nyeupe na msasa! Vanishi ya asili ikishakwanguliwa hairudi, na sehemu ya thamani imeenda nayo.

Ikipita hapo, piga picha mbele, nyuma, ubavu, kichwa pande zote, utume kwa wauzaji wa mnada wa vyombo huko London, na uulize bei wanayokupa ni ya mnada au ya bima, ya bima huwa juu. Wataalamu wanaweza kusoma miduara ya mti kwenye ubao wa mbele, ikawaambia besi haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani, lakini jina la fundi haitawaambia.

Ile ya Kibokoni haiendi London. Ila plaiwudi haipasuki ovyo na unyevu, nikawawekea sawa daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, na jioni ile ile kijana wao yuwaipiga uani.