Taa ya betri ikiwaka, pima kabla hujanunua

Hapa Tabora wengi wakiona taa nyekundu ya betri imewaka wakati gari linatembea, wanakimbilia dukani kununua betri mpya. Inaniuma. Taa ile haisemi betri imekufa. Inasema gari halichaji, na sasa linakula akiba iliyobaki.

Ikikukuta njiani kutoka Sikonge, zima AC na redio, usizime injini mpaka ufike. Ila gheji ya joto ikianza kupanda, simama papo hapo: huenda mkanda unaozungusha altaneta (mashine inayochaji betri) umekatika, na kwenye magari mengi ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji.

Hatua ya 1: Swichi
Fungua swichi bila kupiga stata. Taa ya betri lazima iwake, izimike injini ikishika. Isipowaka, angalia balbu au waya mwembamba wa taa unaokwenda kwenye altaneta.

Hatua ya 2: Mkanda na terminali
Injini ikiwa imezimwa, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukibonyea zaidi ya sentimita 1 hivi, umelegea. Ukiwa na nyufa, badilisha. Terminali (vishikio vya waya kwenye betri) zenye unga mweupe au wa kijani zichomoe, uanze na hasi, zisugue kwa brashi ya waya, uzirudishe na kuzikaza.

Hatua ya 3: Mita
Weka mita kwenye volti za DC. Betri iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, husoma kama 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Washa injini: magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, haichaji. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za altaneta) imekufa na betri itachemka.

Hatua ya 4: Njia ya umeme
Hii mafundi wengi wanairuka, na ndiyo imeokoa altaneta nyingi zilizokuwa zimeshahukumiwa. Injini ikiunguruma na taa kubwa zimewashwa, gusa waya mwekundu wa mita kwenye nati kubwa nyuma ya altaneta, mweusi kwenye chanya ya betri. Angalia mikono isisogee kwenye mkanda na feni. Ikisoma chini ya 0.3, njia ni safi. Ikisoma volti 1 au zaidi, altaneta inazalisha lakini umeme unakwama njiani: fyuzi kuu, nati iliyolegea, waya ulioliwa na kutu. Kisha pima mwili wa altaneta na hasi ya betri, isizidi 0.2. Ikizidi, safisha bolti ya ethi (inayofunga waya wa hasi kwenye mwili wa gari au injini).

Njia ikiwa safi na bado haichaji, ndipo ufungue altaneta. Mwombe fundi akuonyeshe kaboni (vipande vidogo vinavyosugua na kupitisha umeme ndani yake). Mara nyingi zimeisha hizo tu, na bei yake haifanani kabisa na ya altaneta nzima.

Fundi akitaka kuchomoa terminali ya betri injini ikiwaka ili "ajaribu altaneta", mkatalie. Volti hupanda ghafla na kuunguza daiodi za altaneta, hata kontroli boksi (kompyuta ya gari).