SOMO: Kuchonga kichwa cha mshale cha jiwe, tuanze na kitako cha chupa

Habari zenu wakuu. Wengi mmeniuliza inakuwaje jiwe linageuka kichwa cha mshale bila mashine yoyote, basi leo nimekaa niandike yote ninayoyajua kuanzia kipande cha kwanza mpaka mapengo ya kufungia kamba. Ni kazi naipenda mno na kiukweli haina siri, ila ina jambo moja ambalo usipolishika utavunja mawe mwaka mzima: kila kitu kiko kwenye ukingo. Nguvu za mkono baadaye, ukingo kwanza.

Elewa jiwe linavyovunjika. Umeshaona kioo cha dirisha kilichopigwa na golori? Mbele kuna kitundu kidogo, nyuma kimebanduka kipande kipana chenye umbo la koni. Nguvu ikiingia kwenye kioo inatanuka kadiri inavyozama, sasa sisi tunaibana pembeni kabisa mwa jiwe ili itoke nusu tu ya hiyo koni, yaani kibanzi chembamba. Ndo maana mawe yanayofaa ni yenye tabia ya kioo: gumegume (lile jiwe gumu linalotoa cheche likigongwa na chuma), obsidiani ambayo ni kioo cheusi cha volkano, na kioo chenyewe. Granaiti na mawe mengine ya chembe kubwa achana nayo, ufa unapotea njia humo ndani. Jiwe ukiligonga likalia kwa sauti kali ni zima, likitoa sauti ya kufa lina nyufa.

Kwa kuanza chukua kitako cha chupa nene. Msikidharau. Ishi, yule wa mwisho katika watu wa kabila la Yahi aliyejitokeza California mwaka 1911, alichonga vichwa vya mishale vizuri ajabu kwa kioo cha chupa, na watu wa Kimberley kule Australia nao walichonga ncha za mikuki kwa chupa. Kioo hakina nyufa za kujificha, kwa hiyo kikivunjika ujue kosa ni la mkono wako na utajifunza haraka.

VIFAA. Kimoja muhimu ni kifaa cha kukandamizia: waya mnene wa shaba, unene kama wa msumari wa inchi nne, umechomekwa kwenye mpini wa mti na kuachwa utokeze sentimita moja na nusu hivi. Ncha ya pembe ya kulungu nayo inafaa. Ötzi, yule mtu wa barafu aliyekutwa mwaka 1991 mpakani mwa Italia na Austria, alikuwa na kifaa hicho hicho, kijiti kama penseli nene kimechomekwa ncha ya pembe, na ana umri wa miaka zaidi ya 5,000. Mimi nikishika changu huwa namkumbuka. Vingine ni kinoo cha kukwaruza, kipande cha ngozi nene cha kuweka kiganjani na kingine kikubwa cha mapajani.

USALAMA, hapa msinirukie. Miwani ya kukinga macho unavaa kabla hujagusa jiwe na unavua ukishamaliza kufagia. Glovu mkono unaoshika jiwe. Barakoa ya kuzuia vumbi, tena kaa nje upepo ukikupiga mgongoni, maana vumbi la gumegume ni silika, madini yale yale ya mchanga na kioo, na likiingia kwenye mapafu halitoki. Wachongaji wa mji wa Brandon kule Uingereza waliokuwa wanatengeneza gumegume za bunduki za zamani, wengi wao waliugua kifua na kufa kwa vumbi hilo. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikuwa nachonga na suruali ya kawaida bila ngozi, siku moja nikaona doa jekundu linapanuka pajani na sikuwa nimesikia maumivu hata kidogo, kibanzi kilishapita kitambaa na nyama kimya kimya. Makali ya kioo yako hivyo, unaona damu kwanza ndo unasikia.

HATUA YA 1. Toa kitako. Vaa miwani na glovu, funga chupa kwenye kitambaa kizito, tumbukiza msumari mkubwa ndani kichwa kikiwa chini, ziba mdomo kwa kiganja, kisha tikisa juu chini kwa mpigo ule ule. Baada ya mipigo kadhaa kitako kinadondoka kama sahani ndogo.

HATUA YA 2. Zungusha ukingo. Sahani yako ina kuta zimesimama pembeni, hizo lazima ziondoke. Weka kioo kwenye ngozi kiganjani, kandamiza ukingo, kibanzi kinatoka upande wa chini. Geuza, tumia kovu la kibanzi hicho kama sehemu ya kukandamizia kingine, geuza tena, zamu kwa zamu mpaka umezunguka kote. Ukimaliza ukingo unapinda pinda kama nyoka na unapita katikati ya unene. Usiwaze umbo la mshale bado.

HATUA YA 3, na hapa ndo penyewe. Kabla ya kila kibanzi kirefu andaa ukingo, narudia, kila kibanzi. Kibanzi kinatoka upande wa chini, sasa ukingo nao unatakiwa uwe chini ya mstari wa katikati wa unene, karibu na ule upande unaotaka kuubandua. Ukiwa juu ya mstari unalilazimisha jiwe libandue nyama nyingi kuliko linavyoweza na linakatika vipande viwili mkononi. Kuushusha, shika kinoo ukwaruze ukingo kutoka chini kwenda juu, utasikia mkwaruzo kama wa kutafuna mchanga, vibanzi vidogo vinatoka upande wa juu na ukingo unashuka. Halafu pitisha kinoo kwa urefu wa ukingo, taratibu, mara tano sita, mpaka ule wembe ufe. Najua inauma kuua makali uliyoyapata kwa shida, ila ukingo mkali ni dhaifu, unapondeka kabla nguvu haijaingia ndani. Ukipitisha kidole cha glovu kisikwame.

Sasa kandamiza. Mkono ulioshika jiwe uegemeze kwenye paja kwa ndani, ncha ya shaba iume ukingo, sukuma NDANI kuelekea katikati ya jiwe, ongeza, ongeza, bana na mapaja kabisa, na pale unapohisi jiwe linataka kuachia ndo unainamisha kidogo kwenda chini. Linalia tik. Geuza uangalie, kibanzi kilichotoka vizuri kimeacha mfereji mrefu unaong'aa mpaka katikati. Kila mfereji una migongo miwili pembeni, na kibanzi kinachofuata kinapenda kufuata mgongo, kwa hiyo weka ncha nyuma ya mgongo na siyo kwenye bonde.

HATUA YA 4. Upande mmoja ukiisha unahamia wa pili, unapunguza unene mpaka ubaki chini ya nusu sentimita huku unalivuta umbo la pembetatu. Ncha ya mbele iache mwisho mwisho, ukiitengeneza mapema itakatika.

HATUA YA 5. Mapengo. Badili kifaa, tumia shaba iliyofuliwa ikawa bapa na nyembamba. Bonyeza kibanzi kimoja, geuza, bonyeza kingine pale pale, geuza. Vidogo vidogo. Nusu ya vichwa nilivyopoteza vilikatika sikio (kile kijipembe kinachobaki kando ya pengo) hapa kwa haraka ya kutaka kumaliza.

MASWALI

Swali: Mkuu vibanzi vyangu vinaishia njiani, vinaacha kitu kama ngazi katikati ya jiwe, tatizo nini?

Jibu: Mara nyingi unasukuma chini mapema mno, nguvu ya kwenda ndani ikawa ndogo, au ukingo ulipondeka. Usiendelee kukandamiza pale pale, ngazi itakua juu ya ngazi na utabaki na nundu isiyotoka. Nenda ng'ambo, andaa ukingo vizuri, tuma kibanzi kije kuichukua ngazi kutoka upande wa pili.

Swali: Msumari wa chuma haufai?

Jibu: Unafanya kazi, ila chuma kigumu kinateleza na kuponda ukingo. Shaba ni laini, kioo kinaiuma na inakaa pale ulipoiweka. Itabidi uinoe mara kwa mara kwa tupa.

Swali: Nina gumegume ila ni gumu vibaya mno, nimesikia huwa yanachomwa. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli na ni ujuzi wa zamani sana, kule Pinnacle Point Afrika Kusini watu walikuwa wanapasha moto mawe ya kuchonga miaka 72,000 iliyopita. Ila neno ni kupasha, usitupe jiwe kwenye moto, litalipuka kwa sababu ya maji yaliyomo ndani. Chonga kwanza vipande vyembamba, vikauke kabisa, vifukie kwenye mchanga, moto upande polepole kwa masaa mengi mpaka kati ya nyuzi 200 na 350 za Selsiasi kulingana na jiwe, halafu viache vipoe vyenyewe bila kufukua. Nilishafukua mapema nikakuta vyote vimepasuka. Jiwe likikubali, ukilibandua ndani linang'aa kama limepakwa mafuta. Obsidiani haihitaji.

Swali: Kichwa cha mshale kiwe na ukubwa gani? Changu kina sentimita 8.

Jibu: Hicho ni cha mkuki. Cha mshale sentimita 2 hadi 4, chepesi, gramu chache tu, kikizidi mshale unainama mbele.

Swali: Na yale mabaki tunatupa wapi?

Jibu: Asante kwa hili. Tandika turubai kabla ya kuanza, kunja na kila kilichomo, usiache hata kibanzi kwenye nyasi wanapopita watoto na mifugo. Ukifukia shimoni weka na sarafu ya mwaka huu humo humo, maana vibanzi vyetu vinafanana kabisa na vya kale na mtaalamu wa mambo ya kale atakayechimba baadaye anaweza kudanganyika. Kwa sababu hiyo hiyo andika alama yako na mwaka kwenye kila kichwa unachomaliza, usiokote mawe kwenye maeneo ya kale, na usimuuzie mtu ukimwambia ni cha kale.

Swali: Mimi natumia mkono wa kushoto.

Jibu: Geuza kila nilichosema, hakuna tofauti nyingine. Ukimaliza cha kwanza weka picha, pande zote mbili na ya ukingo kwa pembeni, hiyo ya ukingo ndo ntaiangalia kwanza.